Mti Uliokuja na Mti Tuliopewa

Mwishoni mwa mwaka 2012, kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa na malori ya mwisho yakaelekea mpakani yamejaa watu, magodoro na masufuria, jirani yetu alikuja kusimama kwenye ukingo wa shamba letu. Aliliangalia kama mtu anayemkagua ng'ombe mnadani. Nilikuwa napalilia maharage, mwanangu mgongoni, jasho linaniingia machoni. Hakunisalimu.

"Warundi wameondoka," alisema. "Bado ninyi. Bonde letu mtuachie."

"Bonde lenu lipi, mjomba?"

Nilimwita mjomba tangu nilipojua kusema. Yeye na mama yangu walichunga mbuzi pamoja.

"Hilo uliloinamia."

Nilinyanyua jembe. Sikusudii kusema kwamba nilitaka kumpiga, lakini pia sitasema kwamba wazo hilo halikunijia. Aligeuka akavuka kijito, akapanda zake kilima, mikono mgongoni, taratibu, kama mtu ambaye shauri lake limekwisha.

Shamba letu liko juu kidogo ya mji wa Kasulu, upande wa kwenda Kabanga. Linaanza mlangoni kwetu na kuteremka hadi kwenye kijito. Juu ni udongo mwekundu uliochoka, unatoa mihogo na lawama. Chini, bondeni, ni udongo mweusi, na kiangazi chote tunapata maharage, kabichi na mahindi ya kuchoma. Ukituondolea bonde, umetuachia nusu mwaka ya kula na nusu mwaka ya kuomba. Mimi sina mume wala mama yangu hana. Bonde ndilo lilikuwa mwanamume wa nyumba ile.

Hoja ya jirani ilikuwa fupi. Bibi yangu alikuja akikimbia kutoka Burundi, baba yake jirani akamkopesha mahali pa kulima. Ardhi ya mkimbizi ni ya kukopa, na wakimbizi sasa wamerudi kwao. Kwa hiyo mkopo umekwisha. Alikuwa ameshapeleka maneno hayo kwenye baraza la ardhi la kijiji, na baraza lilikuwa limesema litakuja kuangalia.

Sasa niseme habari ya mti, maana ndio ulionitia kwenye matatizo, na ndio ulionitoa.

Wakati huo nilikuwa na vitu viwili vya kwangu mwenyewe: cheti cha kidato cha nne na mtoto. Baba wa mtoto alikuwa mtumishi wa serikali aliyeletwa kwetu kutoka mkoa mwingine. Akapata uhamisho, na alituacha kwa wepesi wa mtu anayevua koti jua likiwaka. Sikulia sana. Nilikasirika, na hasira kwangu hufanya kazi kuliko machozi. Nikaamua kusoma kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na alasiri nikawa nashuka mjini kwa mwalimu wa jiografia aliyetufundisha kwenye baraza la nyumba yake. Alikuwa mtu wa Rungwe, mrefu, mwenye kuona baridi ya Kasulu ni mchezo wa watoto. Wengine walilalamika kwamba nakuja na mtoto. Yeye alimpa kipande cha chaki, mtoto akakila, akampa kingine.

Siku moja alichora ubaoni ncha ya chini ya dunia, kama chungwa lililokatwa ukaliangalia kwa chini.

"Kuna mti," alisema. "Wataalamu wanauita nothofagasi. Sisi tuuite mti wa kusini. Uko Chile na Ajentina. Uko Nyuzilandi. Uko Tasmania na kusini mashariki ya Australia. Uko Gini Mpya, na kile kisiwa kidogo cha Kaledonia Mpya. Katikati ni bahari tupu. Mbegu zake ni vijikokwa, havielei vizuri, wala si tunda la kumvuta ndege. Haya, niambieni. Ulivukaje?"

"Mungu aliupanda kila mahali pake," alisema kijana mmoja wa stendi.

"Mungu hayumo kwenye mtihani. Mwingine?"

Mimi nikauliza, "Afrika uko wapi, mwalimu?"

"Afrika haupo."

"Haupo kabisa?"

"Hata jani lililogeuka jiwe hawajaliona."

"Sasa Mtanzania anausomea nini?"

Watu walicheka. Mwalimu hakucheka. Alisema tunausomea kwa sababu mti haukuvuka; ardhi ndiyo iliyovuka. Zamani isiyosemeka, nchi zote za kusini zilikuwa bara moja, Gondwana. Afrika ilijitoa mapema, kabla mti huo haujaenea, ndiyo maana tuliukosa. Wengine walibaki wameshikana, na kiungo chao kilikuwa Antaktika, ambayo leo ni barafu tupu lakini ndani ya mawe yake yamekutwa majani ya mti huo huo. Kisha bara likapasuka tena, na kila kipande kikaondoka na miti yake, kama mtu anayehama na chawa wake.

"Mti hautembei," alisema akipangusa ubao. "Ukiukuta mahali, ujue mahali hapo pana habari."

Neno lile nililibeba hadi nyumbani likiwa la moto. Kwa sababu shamba letu lina miti. Mlangoni pana umuvumu mkubwa, wa jamii ya mkuyu, na chini kando ya bonde, kutoka pembe hadi pembe, kuna mstari wa mivumu mingine, minene, mikongwe, ambayo mikono yangu haikutani nikiikumbatia. Kwetu Uha kote, ukiona umuvumu unajua palikuwa na mji wa mtu. Watu walihamishwa kupelekwa vijijini enzi za wazee wetu, nyumba zikaanguka, mivumu ikabaki. Nikasema: nimempata huyu mzee.

Baraza lilikuja mwanzoni mwa 2013, likaketi chini ya kivuli chetu wenyewe. Mwenyekiti alikuwa mama mmoja muuza dagaa, mnene, asiyependa maneno mengi. Majirani walijaa, maana kesi ya ardhi ni burudani isiyo na kiingilio. Jirani alisema yake. Ikawa zamu yangu, na jamani, nilisema. Niliwaeleza Chile na Nyuzilandi. Niliwaeleza Gondwana. Nikasema mti hauna miguu, na mivumu hii ni mikongwe kuliko kila aliyeketi hapa. Nikasema Muha na Mrundi walikuwa kitu kimoja, wanaelewana hata wakipiga chafya, wageni wakaja wakachora mstari katikati.

"Sisi hatukuja popote!" nikasema. "Mpaka ndio uliokuja. Ardhi ilipasuliwa chini ya miguu yetu, na miti hii ni mashahidi!"

Wapo waliopiga makofi. Nilijiona mwanasheria.

Jirani alisubiri makofi yaishe. "Binti amesoma," alisema. "Lakini umuvumu unakatwa fimbo, unachomekwa, unaota. Hata mbuzi anajua. Mwenyekiti, muulize mama yake nani aliuleta huu tunaokalia kivuli chake."

Mwenyekiti akamgeukia mama yangu. "Ulikuwepo siku zote, huu?"

Mama yangu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Nilimtolea macho. Nilimtolea macho ya kumwomba, ya kumtisha, ya kila aina.

"Oya, hapana," alisema. "Mama aliuleta kutoka ng'ambo. Ilikuwa fimbo yake ya kutembelea. Alipofika aliichomeka hapo, akasema sasa nimekaa."

Kicheko kilichoinuka kiliwarusha kuku. Mtu mmoja nyuma akasema, "Gondwana imefika kwa miguu!" Hadi leo wapo wanaoniita Gondwana.

Baraza liliamua tusiguse bonde hadi litakapoketi tena. Jirani naye asiliguse. Mwaka mzima nikaangalia magugu yakinona kwenye udongo mweusi huku ndani tunapika mihogo na majani ya mihogo. Mtoto alikuwa anaanza kuwa na mashavu yaliyoingia. Niliona kila siku.

Jioni ile ya kikao nilimpasukia mama yangu. Nilimwambia ametuuza.

"Niliulizwa, nikajibu," alisema huku anachambua mboga.

"Ungenyamaza!"

"Kuhusu fimbo ya mama yangu? Alitembea nayo na mimba yangu tumboni. Ninyamaze ili wewe upigiwe makofi?" Alitupa shina la mboga uani. "Nawe sikiliza, mwenye elimu. Ulisimama mbele ya watu ukasema hatukuja popote. Kama hatukuja, nani alitupokea?"

Niliokota lile shina nikalitupa mbali zaidi.

"Baba yake yule mzee alimkuta mama yangu barabarani, akampa mahali hapa pakiwa pori la ngedere. Akatembea naye mpaka wote, toka huku hadi kule. Na ile mivumu ya chini alichomeka yeye, kwa mkono wake, kwa fimbo alizokata kwenye ua wake. Ndivyo ilivyo. Mgeni hachomeki mpaka. Akichomeka mwenyewe ni mwizi. Mwenye ardhi akikuchomekea fimbo ya ua wake, amekupa, na watoto wake wamekupa. Leo wewe umemfuta yule mzee kwa Nyuzilandi yako."

"Kwa nini hukuyasema hayo?"

"Hawakuniuliza. Na ningesema nani angeshuhudia? Waliokuwepo wamekufa. Yeye anasema kukopa, mimi nasema kupewa. Mdomo kwa mdomo."

Alisema kweli, na ndiyo iliyoniuma. Shahidi pekee tuliyekuwa naye ni ile mivumu ya chini, nami nilimharibu mwenyewe kwa kelele. Sikukosa usingizi kwa aibu, hapana. Nililala nikiwa na hasira na nikaamka nayo, na alasiri nikateremka kwa mwalimu kabla wengine hawajafika.

"Mwalimu, mti wako umenivua nguo mbele ya kijiji."

Nilimweleza yote. Alisikiliza, akajikuna shingo, akasema, "Kitabu chetu ni cha zamani. Niliwafundisha kinachotakiwa kwenye mtihani."

"Na kisichotakiwa kwenye mtihani?"

Akavuta kigoda. Alisema miaka ya karibuni wataalamu wameacha kuangalia ramani peke yake. Wanachunguza undugu wa miti yenyewe, ndani ya chembe zake, kama unavyopima damu kujua mtoto ni wa nani. Wakakuta miti ya Nyuzilandi ni ndugu wa karibu mno wa miti ya Australia. Wa karibu kiasi kwamba waliachana muda mrefu baada ya ardhi zenyewe kuachana. Kwa hiyo mingine, pamoja na mbegu zake mbovu za kusafiri, ilivuka bahari.

"Kwa hiyo ipo iliyobebwa na ardhi, na ipo iliyokuja."

"Ipo ya namna zote mbili. Na bado wanabishana ni ipi na ipi."

"Na ile iliyokuja, huko Nyuzilandi wanaiambia irudi kwao?"

Alicheka hadi chaki ikamdondoka, mwanangu akaiwahi. Kisha akasema jambo ambalo nadhani hakujua uzito wake. "Mahali mti uliposimama hapakwambii yote, mama. Uliza ndugu yake ni yupi."

Niliondoka hata kipindi hakijaanza.

Ilinichukua msimu kuona, ingawa jambo lenyewe nilikulia ndani yake. Umuvumu ni mti wenye ratiba yake. Mmoja unazaa leo, ulio pembeni yake unazaa baada ya miezi, na ukizaa, matunda yote yanaiva kwa mkupuo mmoja, ndege wanafurika, kisha kimya. Lakini miti iliyokatwa kutoka mama mmoja inafuatana. Ule wa mlangoni, fimbo ya bibi, ulizaa mvua za mwanzo zilipokatika. Mivumu ya bondeni haikuwa na kitu. Nikasubiri. Nilikuwa nachota maji, natwanga, nasoma, na kila asubuhi naangalia juu kama kichaa.

Mwanangu ndiye aliyeniambia, bila kujua anasema nini. Alikuwa na umri wa kukimbiza kila kinachoruka. Ninga walitua kwenye mivumu ya bondeni, kundi zima la njiwa wa kijani, naye akaenda kuwapigia kelele. Wakaruka. Hawakwenda msituni wala hawakupanda kwetu mlangoni. Walivuka kijito wakatua kwenye ua wa jirani, kwenye mivumu aliyoipanda baba yake kabla mimi na mama yangu hatujazaliwa. Nilimfuata mtoto hadi kwenye ua ule. Juu kulikuwa kwekundu kwa matunda. Nikageuka kuangalia bondeni kwetu. Kwekundu vile vile.

Sikupiga kelele. Nilikuwa nimejifunza. Nilimbeba mtoto nikaenda sokoni moja kwa moja, kwenye meza ya mwenyekiti.

"Baraza likae wiki hii," nikamwambia.

"Baraza haliitwi na wewe."

"Basi liitwe na ndege. Wakiondoka, ushahidi wangu umeliwa."

Aliniangalia, mkono ndani ya dagaa. "Gondwana," akasema, "safari hii kutakuwa na bahari?"

"Hakuna bahari, mama. Kuna ua wa jirani."

Wakaja. Ulikuwa mwaka 2014, na watu walikuwa wengi kuliko mara ya kwanza, wengi wao wamekuja kunicheka. Nilisema maneno machache kuliko yote niliyowahi kusema. Nilisema bibi yangu alikuja. Alikuja akikimbia, na fimbo mkononi, na mimba. Baba wa huyu mzee alimpokea. Mti wa mlangoni ni fimbo yake, angalieni, hauna tunda hata moja. Miti ya mpakani, angalieni, imeiva. Sasa twendeni kwenye ua wa mzee.

Kijiji kizima kikateremka na kuvuka kijito kwenye magogo. Ninga walikuwa wanahama kutoka huku kwenda kule juu ya vichwa vyetu, wanatudondoshea mabaki. Mwenyekiti alisimama chini ya mivumu ya ua, akaangalia juu, akaangalia ng'ambo. Hakuhitaji mtu wa kumweleza. Hakuna aliyehitaji.

"Fimbo za mpaka wao zimetoka hapa," alisema.

"Huenda waliziiba," alisema jirani.

Hapo mzee mmoja nyuma akaguna. "Kwa baba yako? Aliyekuwa anayajua mayai ya kuku wake kwa sura?"

Watu wakaanguka kicheko, na safari hii hawakunicheka mimi. Jirani mwenyewe mdomo ulimcheza. Ilikuwa kweli, kumbe, na alikuwa ameipenda tabia hiyo ya baba yake.

"Alikopesha," alisema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

Mwenyekiti aliokota tunda, akalivunja, akaangalia vidudu ndani yake, akalitupa. "Mimi ni mtu wa hapa," alisema. "Cha kukopesha unakifungia kamba. Unaweka jiwe. Hukichomekei umuvumu wa ua wako. Baba yako aliujua umuvumu kuliko wewe. Alitaka mpaka udumu." Akamgeukia mama yangu. "Alichomeka yeye?"

"Ego, ndiyo," alisema mama yangu. "Kwa mkono wake."

Basi. Bonde likawa letu hadi kwenye mstari wa mivumu, na kipande kilicho nje ya mstari, ambacho tulikuwa tumekimega kidogo kidogo kwa miaka, kikarudi kwa jirani. Nilitaka kubisha. Mama yangu alinibana mkono kwa kucha. Mti ukikutolea ushahidi, unashuhudia pia shamba lako linaishia wapi.

Nilianza kulima siku ile ile, na nguo za kikao. Magugu yalikuwa yamenifikia kiunoni.

Mtihani niliufanya. Swali la mti wa kusini halikuja; lilikuja la reli na la mmomonyoko. Nilifaulu kwa alama za kawaida na nikaendelea na mambo yangu.

Mwaka uliofuata, 2015, mabasi yakaanza kuja tena, kutoka upande wa ziwa, yamejaa watu wa Burundi wanaopelekwa kambini. Yalipita barabara ya chini, vumbi refu, nyuso dirishani zisizoangalia kitu. Nilikuwa bondeni nachuma maharage. Mwanangu alikuwa anawapungia mkono. Jirani alikuwa upande wake wa mstari, naye amesimama kuangalia. Tulikuwa hatujasemeshana tangu siku ya ninga.

"Wenzenu wanakuja tena," alisema.

Mwaka 2012 ningemjibu kwa Gondwana. Ningeapa kwamba simjui hata mmoja mle ndani.

"Ndiyo," nikasema. "Wetu hao. Baba yako angekuwa ameshafika barabarani."

Alibaki ameshika shina la umuvumu kama mtu anayeshika bega la mwenzake, hadi mabasi yakaisha. Kisha akaniuliza kama nina mbegu ya maharage ya kumwazima. Nikamwambia avuke aje achague.